Mvinyo mweupe wa Dodoma wataka jokofu na sato

MFANYABIASHARA wa Bariadi anayepanga chupa za mvinyo mweupe kwenye rafu inayopigwa na jua, akisubiri Krismasi, anaunguza mtaji wake taratibu. Mvinyo si pombe kali. Joto likizidi, rangi yake huelekea kahawia, harufu ya tunda hupotea, na mteja aliyeonja mara moja harudi tena.

Sehemu kubwa ya zabibu za mvinyo nchini hulimwa Dodoma, mkoa wenye mvua chache na jua kali. Ukame unaomtesa mkulima wa mahindi humsaidia mkulima wa zabibu, kwa kuwa unyevu mwingi huleta ukungu. Tena mizabibu ya huko huvunwa mara mbili kwa mwaka, kati ya Februari na Aprili, kisha Agosti na Septemba, wakati Ulaya huvuna mara moja tu.

Miongoni mwa zabibu nyeupe za Dodoma ni Makutupora Nyeupe na Chenin Blanc, ambayo asili yake ni Ufaransa na sasa inalimwa sana Afrika Kusini. Zabibu hizo hukamuliwa na juisi kutengwa na maganda kabla ya kuchachuka. Mvinyo mwekundu huchachuka pamoja na maganda, ndiyo maana una ukakasi. Mweupe ni mwepesi na mchachu kidogo.

Unywewe na nini?

Uchachu huo hufanya kazi ileile ya ndimu kwenye samaki: hukata mafuta na shombo. Kwa hiyo mwenzake wa kwanza ni sato wa Ziwa Victoria, awe wa kukaanga au wa kuchoma, ambaye kwa Simiyu hupatikana Busega. Kuku wa kienyeji wa kuchoma naye anafaa. Nyama ya ng'ombe yenye mchuzi mzito huufunika, na pilipili nyingi huufanya uchome.

Mwenye hoteli Lamadi au Bariadi auweke kwenye jokofu saa kadhaa kabla ya kuuza. Chupa ikifunguliwa ifungwe vizuri, irudi kwenye jokofu na iishe ndani ya siku tatu hivi. Neno "dry" kwenye lebo maana yake hauna utamu. Mteja aelezwe mapema, kwani wengi hutarajia sukari.

Katoni zisizo na nafasi kwenye jokofu zikae chumba chenye giza na ubaridi, mbali na bati. Kabla ya kununua, muuzaji ahakikishe ana leseni ya vileo na kila chupa ina stempu ya kielektroniki ya TRA, iliyoanza kutumika mwaka 2019.

Somo kwa mkulima

Mkulima wa pamba wa Maswa au Itilima anaweza kuhifadhi mavuno yake akisubiri mnunuzi. Zabibu hazisubiri, zikikatwa huharibika ndani ya siku chache. Wakulima wa Dodoma wamewahi kuona mazao yakioza kwa kukosa soko. Baadhi hukamua na kuhifadhi mchuzi wa zabibu kwenye matangi, lakini matangi yakijaa nayo, msimu unaofuata hauna pa kwenda. Chupa inayouzwa Bariadi husaidia kupunguza mchuzi huo.

Anayefikiria kupanda mizabibu Simiyu asivutiwe na ukame peke yake. Zao hilo linataka nguzo na waya, maji ya kumwagilia, kupogoa kila msimu na dawa ya ubwiri unga. Kituo cha utafiti cha TARI Makutupora, Dodoma, ndicho mahali pa kuuliza kuhusu mbegu. Hata hivyo, swali la kwanza ni nani atanunua, na yuko umbali gani na shamba. Asiyekuwa na jibu, bora aanze kwa kuuza katoni moja, iliyopoa, pembeni ya sahani ya sato.