Maduka mawili, stoo moja: nani ana kauli ya mwisho?

Mfanyabiashara anayeuza viatu kupitia Shopify na pia kupitia WooCommerce ana maduka mawili ya mtandaoni, lakini stoo yake ni moja. Jozi ya mwisho ya namba 42 ikinunuliwa kwenye duka la kwanza na la pili lisipate habari, itauzwa tena. Kuzuia hilo ndiyo kazi ya kuoanisha orodha za bidhaa, na njia yake ni API: utaratibu unaowezesha programu moja kuomba au kupeleka taarifa kwenye nyingine bila mtu kuingiza chochote kwa mkono.

Wengi hukimbilia kuandika programu ya kunakili. Anza na karatasi. Orodhesha kila taarifa, na mbele yake uandike mfumo wenye kauli ya mwisho: bei inatoka wapi, picha na maelezo wapi, idadi ya stoki wapi. Fahali wawili hawakai zizi moja. Maduka yote mawili yakiruhusiwa kubadili bei, punguzo uliloweka asubuhi linaweza kufutwa mchana na bei ya zamani kutoka upande wa pili.

Hatua inayofuata ni utambulisho. Kila mfumo huipa bidhaa namba yake ya ndani, na namba hizo hazifanani. Jina nalo halitegemeki, kwa kuwa nafasi moja iliyozidi hulifanya kuwa jina jingine machoni pa kompyuta. Kiungo bora ni SKU, namba anayoitunga mwenye duka mwenyewe, na kila saizi na kila rangi iwe na yake. Jihadhari: Shopify hukubali SKU moja itumike kwa bidhaa mbili, ilhali WooCommerce huikataa ya pili. Safisha namba hizo kabla ya kuunganisha.

Katika usafirishaji wa taarifa, ukiiomba API ya WooCommerce bidhaa, hukupa 10 tu kwa ukurasa usipotaja idadi, na haivuki 100. Programu isiyofungua kurasa zinazofuata itadhani duka zima lina bidhaa 10. Ukituma maombi kwa kasi mno, seva inaweza kujibu kwa msimbo 429, maana yake punguza mwendo. Programu nzuri hungoja kidogo, kisha hujaribu tena.

Badala ya kuuliza kila dakika, unaweza kuliacha duka likuarifu lenyewe kila mara kitu kinapobadilika. Shopify hutaka jibu ndani ya sekunde 5, na taarifa hiyohiyo inaweza kuja mara mbili au kutangulia iliyopaswa kuja kwanza. Hivyo, pokea, hakiki saini yake inayothibitisha imetoka Shopify, hifadhi, jibu, ndipo uifanyie kazi. Kumbuka pia kwamba badiliko uliloandika wewe kwenye duka la pili nalo huzaa taarifa. Usipolitambua, maduka yatarushiana badiliko hilo bila kikomo.

Kwa stoki, peleka tofauti, yaani "punguza 1", badala ya "sasa zimebaki 7". Oda mbili zikiingia kwa pamoja, kila moja ikaandika 7, uuzaji wa jozi moja utakuwa umepotea kwenye hesabu.

Anayeuza Afrika Mashariki aangalie na sarafu. Katika kiwango cha ISO 4217, shilingi ya Uganda haina tarakimu za senti, wakati za Kenya na Tanzania zina mbili. Programu inayogawanya kila bei kwa 100 itauza kiatu cha shilingi 80,000 za Uganda kwa shilingi 800.

Jaribu kwanza kwa bidhaa chache, usiruhusu programu ifute bidhaa yenyewe, na kila usiku linganisha orodha zote mbili mwanzo hadi mwisho. Taarifa za papo kwa papo hupotea njiani, na ulinganisho huo ndio utakaoonyesha kosa kabla mteja hajalipia kiatu kisichokuwepo.