Masini za kutunga picha: tuchague ipi, na tuitumie namna gani?



Siku zile tulipotengeneza karatasi ya kuomba misaada kwa ajili ya wakimbizi wa vita ya Kivu, mwenzetu mmoja alituletea picha nzuri sana. Ilionyesha mtoto wa miaka kama mitano, amesimama katika matope mbele ya hema, machozi yakishuka mashavuni. Sote tulinyamaza. Kisha mmoja akauliza: «Mtoto huyu anaitwa nani? Alipigwa foto wapi?» Mwenzetu akajibu bila kuficha kitu: «Hana jina. Hayupo. Niliandika maneno machache katika telefone, masini ikanipatia picha hii.»

Hatukumkasirikia, kwani nia yake ilikuwa njema. Lakini tuliona kwamba jambo hili linadai kufikiriwa, maana wengi kati yetu wanatumia masini hizi, na kesho watazitumia katika parokia na mashule. Basi tujaribu kujibu maswali mawili: masini gani inafaa kuchaguliwa, na matumizi gani ni halali?

Masini hizi ni nini?

Hazipigi foto. Ni programu za ordinatere zilizoonyeshwa picha nyingi mno, kila moja pamoja na maneno ya kuieleza. Polepole zimejifunza ni sura gani inayokwenda na neno gani. Ukiandika «mtoto, hema, mvua», masini inaanza na madoadoa yasiyo na maana, inayasafisha hatua kwa hatua mpaka yafanane na maneno yako. Kwa hiyo haitoi jambo lililotokea. Inatoa kitu kinachofanana na yale iliyozoea kuonyeshwa. Tushike sana neno hilo, maana mengine yote yanatoka humo.

DALL·E ya kampuni OpenAI ilitangazwa mwaka 2021. Mwaka 2022 zikafuata Midjourney na Stable Diffusion, na mwaka 2023 Firefly ya kampuni Adobe. Leo ziko nyingine nyingi.

Namna ya kuchagua

Watu wengi wanachagua kwa kutazama bei na uzuri wa picha. Si vibaya, lakini kuna maswali matatu yanayotangulia.

La kwanza: masini hii imelishwa nini? Stable Diffusion ilifundishwa kwa picha za LAION-5B, orodha kubwa ya picha zaidi ya miliari 5 zilizookotwa katika intaneti. Wale waliozichora na kuzipiga hawakuombwa ruhusa. Mwezi wa kwanza 2023 wachoraji watatu walishitaki mahakamani kule California. Kampuni ya foto Getty Images nayo ilishitaki kule London. Mwezi wa 12 wa mwaka huohuo, wachunguzi wa Chuo Kikuu cha Stanford walivumbua ndani ya orodha ile picha za watoto waliotendewa uchafu. Orodha ikaondolewa, ikarudishwa mwaka 2024 baada ya kusafishwa. Adobe inasema kwamba Firefly ilifundishwa kwa picha zenye ruhusa na zile za zamani zisizo na mwenyewe tena. Hiyo ni njia iliyo bora. Hata hivyo, mwaka 2024 ilijulikana kwamba kati ya picha hizo zilikuwamo nyingine zilizotungwa na masini za wengine. Basi, tusisadiki tangazo peke yake.

Labda mtu atasema: «Mahakama ya London ilitoa hukumu mwezi wa 11 mwaka 2025, na Getty Images ilishindwa kwa sehemu kubwa.» Ni kweli. Lakini hukumu ya mahakama ni kitu kimoja, na deni la dhamiri ni kitu kingine. Mkulima aliyevunwa shamba lake bila kuulizwa hasahau, hata kama hakimu hakupata sheria ya kumsaidia.

La pili: masini inachukua nini kwetu? Nyingi hazifanyi kazi ndani ya telefone yako. Maneno na foto unazotuma zinasafiri mpaka ordinatere za kampuni, mbali sana. Katika Midjourney, picha za mtumiaji wa kawaida zinaonekana kwa watu wengine. Stable Diffusion inaweza kutumika katika ordinatere yako mwenyewe, kama ina nguvu ya kutosha. Kwa hiyo tuweke sheria nyepesi: foto ya mtoto wa katekisimu, ya mgonjwa, au ya mwanamke aliyetendewa jeuri, isitumwe kamwe katika masini ya namna hii, hata kwa kuipamba. Sura yake si mali yetu.

La tatu: masini inatuona sisi namna gani? Mwaka 2023 gazeti la waganga The Lancet Global Health lilieleza jaribio moja. Wachunguzi waliagiza Midjourney itunge picha za waganga Waafrika weusi wakiwatunza watoto weupe wenye taabu. Wakajaribu mara zaidi ya 300. Karibu kila mara wagonjwa walitoka weusi. Mara nyingine mganga mwenyewe aligeuka mweupe. Kwa nini? Masini haina chuki na mtu, lakini imelishwa picha za miaka mingi ambamo Mwafrika ni yule anayepokea tu. Inaturudishia chakula hicho. Sisi tunaomjua daktari Denis Mukwege wa Panzi, kule Bukavu, aliyepewa tuzo ya Nobeli ya amani mwaka 2018, tunajua kwamba picha ile si kweli yote juu yetu. Je, yule mtoto wa matope, ambaye mwenzetu alimpata kwa maneno machache, hakutoka katika ghala lilelile?

Namna ya kutumia

Je, kila matumizi ni mabaya? Hapana. Picha ya kupamba kadi ya sikukuu, picha ya sungura na fisi katika hadithi ya watoto, mchoro wa kusaidia somo kama mwalimu ameukagua vizuri: hayo hayamdanganyi mtu, kwani kila mtu anaelewa kwamba ni mapambo au mfano. Inafaa tu kuandika chini yake: «Imetungwa na masini.»

Hatari inaanza pale picha inaposema: «Jambo hili lilitokea.» Hapo picha imekuwa shahidi, na amri ya nane inaihusu.

Mwezi wa tatu 2023 watu wengi duniani walisadiki picha ya Papa Fransisko amevaa koti kubwa jeupe la baridi. Ilitungwa na Midjourney. Papa mwenyewe, katika barua yake ya tarehe 24 Januari 2024 kwa Siku ya Upashanaji Habari, alikumbusha kwamba yeye pia amepatwa na mambo hayo. Watu walicheka. Lakini mwaka uleule wa 2023 Amnesty International, shirika la kutetea haki za watu, lilitumia picha zilizotungwa na masini ili kuonyesha ukali wa polisi kule Kolombia katika maandamano ya 2021. Nia yao ilikuwa kuwaficha waandamanaji wasitambuliwe, tena waliandika kwamba picha zilitungwa. Hata hivyo wapiga foto walinung'unika sana, maana foto za kweli zilikuwako, na Amnesty ikaondoa picha zake. Nia njema haikutosha.

Sisi Wakongomani tuna sababu yetu wenyewe ya kuliogopa jambo hili. Mwezi wa tano 1904, kule Baringa, baba mmoja jina lake Nsala alikuja misioni ya Waprotestanti akibeba mkono na mguu wa mtoto wake Boali. Ndivyo alivyobakiziwa na walinzi wa kampuni ya mpira. Bibi Alice Seeley Harris akampiga foto, ameketi barazani, akivitazama vile viungo vidogo. Foto ile na nyingine zilionyeshwa katika mikutano mingi ya Ulaya na Marekani. Watetezi wa Mfalme Leopold II walibisha maneno ya mashahidi, lakini kubisha foto kulikuwa kugumu zaidi. Mwaka 1908 Mfalme aliiacha Kongo mikononi mwa Ubeleji. Foto haikufanya kazi hiyo peke yake, lakini ilisaidia sana.

Sasa tuwaze: kama siku zile kila mtu angejua kwamba picha ya namna ile inatungwa kwa maneno machache, mkosaji angejibu nini? Angejibu: «Ni masini tu.» Hapo Nsala angekuwa amebeba maiti ya mwanawe bure. Ndiyo hasara tunayowaletea wakimbizi tukiwachorea machozi ya uwongo: tunawanyang'anya ushahidi wa machozi yao ya kweli. Waraka Antiqua et nova, uliotolewa Roma tarehe 28 Januari 2025, unaonya vilevile kwamba picha za udanganyifu zinaharibu polepole misingi ya maisha ya pamoja.

Kwa kumaliza

Tulikubaliana hivi katika gazeti letu. Kupamba na kufundisha: ruhusa, lakini tutachagua masini inayojulikana chakula chake, na tutasema wazi kwamba tumeitumia. Kama fratri mmoja anaweza kuchora, tutamwomba yeye kwanza. Kushuhudia mateso, au jambo lolote lililotokea: hapana, hata mara moja.

Karatasi yetu ya misaada ilichelewa juma moja. Tuliandika kwa padri mmoja anayewapokea wakimbizi, naye alitutumia foto ya mama anayepika. Uso wake hauonekani, kwani alikataa uonekane, bali mikono yake tu na sufuria. Picha yenyewe si nzuri sana, ina giza kidogo. Lakini mama yule aliulizwa, akakubali, na anajua ilikokwenda.