Baada ya Usaili
Kijana wa Musoma, Bunda au Butiama aliyefanya usaili wa uuguzi hukaa akingojea jina lake. Yampasa ajue mambo yaendavyo. Sekretarieti ya Ajira hutangaza majina ya walioitwa kazini. Aliyemo huchukua barua yake, akaripoti kwa mwajiri na vyeti vyake halisi ili vihakikiwe. Aliyefaulu lakini nafasi zikawa chache, jina lake huwekwa kwa muda katika kanzidata, naye huweza kuitwa nafasi ipatikanapo.

Basi, ndugu, usimpe hata senti moja mtu asemaye atalisukuma jina lako: huyo ni mwizi. Nazo halmashauri zisichelewe kuomba watumishi. Zahanati isiyo na muuguzi ni nyumba tupu, na aumiaye ni mkulima aliyetembea tangu alfajiri.