Kabla Hujanunua Printa, Uliza Bei ya Wino

Printa ndogo ya wino huuzwa kwa bei inayomfanya mtu aibebe siku hiyo hiyo. Urahisi huo una sababu. Kwa miaka mingi kampuni zinazotengeneza printa za nyumbani zimeridhika na faida kiduchu kwenye mashine, na faida yenyewe zikaitafuta kwenye katriji. Mnunuzi anaijua hesabu hiyo katriji ya kwanza inapoisha, akakuta bei ya nyingine inakaribia kumrudisha dukani kununua printa mpya.

Tuchukue mwalimu wa shule ya msingi hapa Kibara, wilayani Bunda, mwenye printa inayotumia katriji ya HP 123. Katriji nyeusi ya kawaida, kwa kipimo cha mtengenezaji, inatoa kurasa 120 hivi. Darasa lake lina wanafunzi 60, na mtihani wa majaribio una kurasa mbili. Mtihani wa somo moja, darasa moja, umeimaliza katriji nzima. Ukiwa wa Jiografia wenye ramani ya Tanzania iliyotiwa kivuli, haifiki mwisho wa orodha ya majina. Ipo pia 123XL: umbo lile lile, tundu lile lile, ila kurasa 480. Bei yake ni kubwa zaidi, lakini gawanya bei kwa idadi ya kurasa kabla hujalalamika. Hiyo ndiyo bei ya kweli ya wino, na haiandikwi popote kwenye boksi.

Mwaka 2010 Epson walianza kuuza Indonesia printa zenye matangi ya kumimina wino, baada ya kuona wateja wakitoboa printa zao na kuziungia mipira na chupa za pembeni. Aina hizo sasa zimeenea Tanzania. Chupa nyeusi ya wino wa Epson 103, ujazo wa mililita 65, inakadiriwa kutoa kurasa 4,500. Kwa mwalimu wetu hizo ni zaidi ya katriji 37 za kawaida. Mashine yenyewe ni ghali mwanzoni, lakini kwa anayechapa kila wiki tofauti hiyo hurudi mapema.

Anayechapa mara moja kwa mwezi ana tatizo jingine, nalo husemwa kidogo. Printa ya wino hutumia wino hata isipochapa. Kichwa chake kina matundu membamba sana ambayo wino ukikaukia humo huziba, kwa hiyo mashine hujisafisha kwa kufyonza wino safi na kuumwaga kwenye sponji iliyofichwa chini. Sponji hiyo ina kikomo: kihesabio kikifika mwisho, printa nyingi hugoma hadi fundi aishughulikie. Ukiiwasha, inaweza kujisafisha. Ukibonyeza kitufe cha kusafisha kwa sababu mstari mmoja umefifia, unamwaga wino zaidi.

Kwa hiyo usianze kwa kusafisha. Chapa kwanza ukurasa wa kukagua matundu, ule wenye vijistari vya rangi. Vijistari vikiwa kamili, tatizo haliko kwenye matundu. Vikiwa na mapengo, safisha mara moja, kagua tena. Zikifika mara tatu bila nafuu, zima, uiache kwa saa 12 ndipo ujaribu upya. Miongozo mingi ya Epson inasema hivyo, na wakati mwingine matundu hujifungua bila kugharimu tone.

Lipo na suala la umeme. Printa ikizimwa kwa kitufe chake, kichwa hurudi kwenye maegesho yake na kufunikwa kisikauke. Ukichomoa waya ukutani, au umeme wa LUKU ukakata katikati ya kazi, kichwa hubaki wazi. Umeme ukirudi, washa, subiri itulie, kisha zima kwa kitufe. Na chapa angalau ukurasa mmoja wenye rangi kila wiki. Ni nafuu kuliko usafishaji mzima.

Suala la aina ya herufi nalo watu hulizungumza sana. Chuo Kikuu cha Wisconsin–Green Bay, Marekani, kilibadili herufi za barua pepe zake mwaka 2010 kutoka Arial kwenda Century Gothic, kwa kuwa mistari yake ni myembamba. Sawa, ila Century Gothic ni pana, na maandishi yale yale yanaweza kujaza ukurasa wa ziada. Karatasi nayo inanunuliwa. Nafuu kubwa zaidi iko kwenye kisanduku cha mpangilio: weka ubora wa “Draft” kwa nakala ya kusahihisha, chagua nyeusi tupu, na uondoe nembo ya rangi kwenye kila ukurasa.

Onyo moja kabla ya kununua wino rahisi wa chupa isiyo na jina. Baadhi yake huziba kichwa, na kichwa ni ghali. Pia wino mwingi wa printa za matangi ni wa rangi iliyoyeyuka, na ukilowa maji hutapakaa. Anayevuka na vyeti kwenye kivuko cha Kisorya kwenda Ukerewe ajitahidi kuvifunga kwenye nailoni.

Kwa mwalimu wa mitihani, uamuzi wangu ni huu: chapa nakala moja safi nyumbani, kisha upeleke steshenari itolewe kopi 59 kwa mashine ya wino wa unga, au shule idurufu. Kwa anayechapa barua moja ya maombi ya kazi kwa mwezi, hakuna haja ya printa. Beba faili kwenye flashi, ulipie ukurasa wako, urudi nyumbani.