Nchi Isiyo na Upande Wakati wa Vita

Wasikilizaji, nanyi mtakaoyasoma maneno haya, leo twatazama jambo ambalo watu huliuliza mara nyingi: mataifa makubwa yakipigana, je, nchi ndogo yaweza kukaa kando bila kudhurika? Mfano wetu ni Ureno, kwa kuwa Wareno ndio waliotawala Msumbiji, ng'ambo ya mto Ruvuma, na yaliyowapata huko Ulaya yalifika hata huku.

Kwanza tujue sheria. Mwaka 1907 mataifa mengi yalikutana katika mji wa The Hague, nchi ya Uholanzi, yakaandika haki na wajibu wa nchi isiyo na upande. Ardhi yake haivunjwi mipaka, nayo hairuhusu majeshi ya wapiganao kupita ndani yake. Biashara haikukatazwa; watu wake waweza kuwauzia wote wawili. Lakini serikali ikizuia bidhaa fulani, sharti izuie kwa pande zote sawasawa.

Maneno hayo ni mepesi kusoma, bali ni mazito kutenda. Tuseme majirani wawili wamegombana, na katikati yao akaa mtu mwenye kisima. Huyu amwambia, "Ukimpa yule maji, wewe ni adui yangu." Yule naye asema vivyo hivyo. Mwenye kisima hana ugomvi na mtu, lakini kisima chake kimekwisha kuingizwa katika ugomvi.

Katika Vita Kuu ya Kwanza, iliyoanza mwaka 1914, Ureno haikutangaza vita juu ya Ujerumani. Lakini Februari 1916, kwa kuombwa na Waingereza, Wareno walizikamata meli za Kijerumani zilizokuwa zimetia nanga katika bandari zao. Tarehe 9 Machi Ujerumani ikatangaza vita. Novemba 1917 jeshi la Jenerali von Lettow-Vorbeck lilivuka Ruvuma, likawashinda Wareno kule Ngomano, likateka bunduki, risasi na chakula, kisha likazunguka Msumbiji hata Septemba 1918. Wanavijiji walionyang'anywa nafaka na kutwikwa mizigo hawakuulizwa rai yao juu ya meli zile za Ulaya.

Vita vya pili vilipoanza, tarehe 1 Septemba 1939, Ureno ilitangaza mara moja kwamba haina upande. Mtawala wake alikuwa Waziri Mkuu Salazar. Alikuwa na hofu mbili. Ureno ilikuwa na mkataba wa urafiki na Uingereza tangu mwaka 1373, na mafuta na makaa yake yalipita baharini, mahali penye nguvu za manowari za Waingereza. Tena Ufaransa iliposhindwa Juni 1940, majeshi ya Ujerumani yalifika mpaka wa Hispania, na Hispania ndiyo jirani pekee wa Ureno kwa nchi kavu.

Kisima cha Ureno kilikuwa madini yaitwayo wolframi. Yakichanganywa na chuma cha pua, huifanya migumu mno, ifaayo kutengeneza vyombo vya kukatia chuma na risasi za kupenya vifaru. Wajerumani waliyahitaji sana. Waingereza waliyanunua pia, hata kwa ajili tu ya kuwanyima Wajerumani. Bei ikapanda ajabu. Wakulima wa milimani waliacha mashamba wakaenda kuchimba, na vyakula vikawa ghali kwa wasiokuwa na madini. Oktoba 1941 nyambizi ya Kijerumani iliizamisha meli ya Kireno, Corte Real. Januari 1942 Salazar alipatana na Wajerumani kuwauzia wolframi, na huku Waingereza wakiendelea kupata yao. Wahenga walisema njia mbili zilimshinda fisi. Ureno ilizifuata zote mbili, ikipima kila hatua.

Lakini kule mbali, kipimo hicho hakikufaa kitu. Desemba 1941 askari wa Australia na Uholanzi waliingia Timor ya Kireno bila ruhusa, ili kuwatangulia Wajapani. Februari 1942 Wajapani wakaja, wakaikalia mpaka mwaka 1945. Wenyeji kwa makumi ya maelfu walikufa kwa njaa, maradhi na mateso. Sheria isiyo na mlinzi ni karatasi.

Pengine, kutokuwa na upande kuliwafaa wapiganao wenyewe. Julai 1942, katika bandari ya Lourenço Marques, ambayo sasa yaitwa Maputo, meli zilileta Wajapani kutoka Marekani, na nyingine Wamarekani kutoka Asia. Mamia kwa mamia wakabadilishana meli, wakarudi kwao. Mahali pa namna hiyo hapapatikani kama kila nchi imo vitani.

Mwaka 1943 Waingereza waliutaja mkataba wa 1373, wakaomba viwanja katika visiwa vya Azores, ili ndege zao ziwinde nyambizi katikati ya bahari ya Atlantiki. Salazar akakubali, baada ya kupata ahadi kwamba wataondoka vita vikiisha na kwamba makoloni yake hayataguswa. Oktoba mwaka huo Waingereza wakashuka. Mwaka 1916 kuupendelea upande mmoja kulileta vita. Mwaka 1943 Ujerumani ilinung'unika tu, maana nguvu zake zilikuwa zikipungua. Juni 1944 Salazar akazuia wolframi isiuzwe kwa upande wowote, sawasawa kama sheria isemavyo, lakini ni baada ya kusukumwa sana.

Basi twaona kwamba nchi isiyo na upande hailindwi na tangazo lake peke yake. Hulindwa na kitu ilicho nacho ambacho wote wakitaka, na kwa kujua saa ya kukataa na saa ya kukubali. Tena tusisahau jambo moja. Ureno ilijiepusha na vita, lakini kule Msumbiji miaka hiyo hiyo wakulima walilazimishwa kupanda pamba kwa ajili ya viwanda vya Wareno, na wengi wakapungukiwa na chakula. Nchi yaweza kuwa nje ya vita, na watu wake wasiionje amani.