Taka Huoza, Risasi Haiozi

Paukwa!

Pakawa!

Sogeeni, wajukuu zangu, nafasi ipo. Hadithi ya leo haina sungura wala fisi. Ina udongo, na ina mgeni aliyejificha ndani ya udongo huo: hana harufu, haonekani kwa macho, na akishaingia hatoki kwa hodi wala kwa fimbo.

Zamani, mashariki mwa Nairobi, palikuwa na timbo. Watu walichonga mawe ya kujengea nyumba, mawe yakaisha, shimo likabaki. Mwaka 1975 jiji likaanza kumwaga taka humo. Malori yakaja asubuhi, yakaja jioni. Shimo likajaa, likasawazika na ardhi, kisha likapanda juu likawa mlima. Mwaka 2001 likatangazwa kuwa limejaa, lakini malori hayakukoma. Mlima huo ndio jalala la Dandora. Kandokando yake wanaishi watu wa Dandora na Korogocho, na ubavuni mwake unapita Mto Nairobi.

Sasa tupande mlima huo kwa mawazo tu, maana kwa miguu siwaruhusu. Tutakuta taka za namna nyingi. Kuna maganda ya ndizi, ugali uliolala, majani ya sukuma wiki. Hizo huoza. Bakteria na wadudu huzitafuna mpaka zinageuka mboji. Halafu kuna betri kuukuu, makopo ya rangi, taa za mirija, simu mbovu, na televisheni za zamani zenye mgongo mnene. Humo ndimo zilimo metali nzito: risasi, zebaki na kadimi.

Tuifuate risasi. Mnaijua risasi ya bunduki; hii ninayoisema ni ile metali ya kijivu, laini na nzito, ambayo tangu kale watu waliitumia kutengenezea risasi hizo. Imo katika mabamba ya betri ya gari. Imo katika kioo cha televisheni ya zamani na katika lehemu iliyoshika vipande vya bodi yake. Imo katika baadhi ya rangi za kuta na milango. Risasi ni elementi, kwa hiyo hakuna bakteria anayeweza kuivunja ikawa kitu kingine. Ukiichoma, itabaki risasi. Ukiizika, itabaki risasi. Mwaka ukipita, na mia ikapita, ingali risasi. Inachoweza kufanya ni kuhama tu.

Basi inahamaje? Njia ya kwanza ni moto. Jalalani moto hauzimiki. Mwingine huwaka wenyewe kwa gesi ya taka zinazooza, na mwingine huwashwa na watu wanaochoma nyaya ili plastiki iungue wapate shaba ya kuuza. Moshi unapopaa hubeba chembe ndogo sana za metali. Upepo unazichukua, kisha zinatua juu ya mabati, kwenye nguo zilizoanikwa, kwenye kiwanja cha kuchezea, na juu ya udongo wa shamba la jirani.

Njia ya pili ni maji. Taka zinapooza hutoa asidi. Mvua ikinyesha, maji hupenya ndani ya rundo, yakakutana na asidi hiyo, yakayeyusha metali kidogo kidogo, kisha yakachuruzika chini yakiwa meusi. Mengine huingia ardhini, mengine mtoni. Na Mto Nairobi hauishii Nairobi. Unaingia Mto Athi, ambao kule mbele huitwa Galana, kisha Sabaki, mpaka unamwaga maji yake Bahari ya Hindi karibu na Malindi.

Udongo nao haupokei kila metali kwa namna moja. Risasi hung'ang'ania chembe za mfinyanzi na mboji, ikakaa juu juu, pale pale mtoto anapochezea gololi. Kadimi ni nyepesi kusafiri. Hupanda na maji kupitia mizizi mpaka kwenye majani, na mboga za majani, kama mchicha na spinachi, huivuta kwa urahisi. Mboga inaweza kuwa kijani kibichi, nzuri machoni, nawe usijue imebeba nini.

Mwaka 2007 Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira, ambalo makao yake yako Gigiri, Nairobi hiyo hiyo, lilitoa matokeo ya uchunguzi uliofanywa Dandora. Wachunguzi walipima udongo wa jalala na wa jirani zake, wakaulinganisha na udongo wa Waithaka, mahali palipo mbali na jalala lile. Udongo usiochafuliwa hutarajiwa kuwa na miligramu 50 hivi za risasi katika kila kilo. Katika sampuli 42 kwa kila 100, risasi ilipita miligramu 400.

Kisha wakawapima watoto 328, wa kuanzia miaka 2 hadi 18. Nusu yao walikuwa na risasi kwenye damu kwa kiwango kilichohesabiwa wakati huo kuwa ni sumu, yaani mikrogramu 10 au zaidi katika kila desilita ya damu. Wengi walikuwa na shida ya kupumua. Tangu hapo wataalamu wamezidi kuwa wakali. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani lilishauri kwamba mtu akifikisha mikrogramu 5 tu, chanzo cha sumu kitafutwe na kiondolewe. Na linasema wazi kwamba hakuna kiwango cha risasi kinachojulikana kuwa salama.

Mtaniuliza, kwa nini watoto? Kwa sababu mnacheza chini, mnatia vidole mdomoni, na miili yenu inajengwa. Risasi huingia mwilini kama mwizi aliyevaa sare ya mlinzi: inajifanya kalsiamu, ile ya kujengea mifupa, na mwili unaipokea. Mtoto anaweza kufyonza mara nne au tano ya ile ambayo mtu mzima angefyonza akimeza kiasi hicho hicho. Inakwenda kwenye ubongo, ikaharibu uwezo wa kujifunza na kutulia. Nyingine inajificha mifupani kwa miaka mingi. Kadimi yenyewe huvamia figo, na zebaki huumiza mishipa ya fahamu.

Lakini hatuko mikono mitupu. Nawa mikono kwa sabuni kabla ya kula, na acha viatu mlangoni. Osha mboga kwa maji mengi safi. Vumbi la risasi litatoka, ingawa kadimi iliyokwisha kuingia ndani ya jani haioshwi, kwa hiyo mboga isipandwe karibu na jalala. Asiye na ardhi safi apande kwenye magunia, kwa udongo ulioletwa kutoka mahali salama. Kula maharage, dagaa na maziwa vinapopatikana, kwani mwili wenye upungufu wa chuma na kalsiamu huivuta risasi zaidi.

Hayo ni ya nyumbani, na peke yake hayatoshi. Hakuna mtoto anayeweza kunawa mikono hadi mlima ukahama. Inabidi pia watu wadai kwa pamoja. Katika mtaa wa Owino Uhuru, Mombasa, kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kilisambaza risasi kwa majirani. Phyllis Omido, ambaye mwanawe mchanga aliingiwa na sumu hiyo, aliwakusanya wakazi wakaandamana na kudai haki. Kiwanda kikafungwa mwaka 2014, naye mwaka uliofuata akapata Tuzo ya Goldman ya mazingira. Katiba ya Kenya, kifungu cha 42, inampa kila mtu haki ya mazingira safi na yenye afya. Sheria ya taka ya mwaka 2022 inataka taka zinazooza zitengwe na zisizooza kuanzia pale zinapotoka.

Nyumba yenu ni mojawapo ya mahali hapo. Kwa hiyo kesho anzeni kutenga. Betri moja isiingie kwenye ndoo ya maganda. Mkienda shuleni, mwulizeni mwalimu ni wapi hapo mtaani panapopokelewa betri na simu mbovu. Kama hapapo, andikeni barua kwa mwakilishi wenu wa wadi mkadai pawepo, na msichoke kudai. Risasi ikishaingia udongoni, kuitoa ni kazi ya miaka na ya fedha nyingi. Kuizuia isiingie ni kazi inayowezekana leo, na watu wa kuifanya ni sisi.