Miaka 31 ya R.E.M.: mgao sawa, kura sawa

Chukua santuri yoyote ya R.E.M. iliyotoka kabla ya 1997, geuza jalada, utafute palipoandikwa watunzi. Utakuta majina manne: Berry, Buck, Mills, Stipe. Yamepangwa kwa alfabeti, na hayabadiliki kwenye takriban kila wimbo walioutunga. Huwezi kujua nani alileta wazo, nani aliandika mashairi, na nani siku hiyo alikaa pembeni akinywa kahawa. Mirabaha ilipoingia, ilikatwa mafungu manne yaliyo sawa.

Katika biashara ya muziki hilo ni jambo adimu. Kwa kawaida mtunzi ndiye anayelipwa zaidi. Baada ya miaka mitano mwimbaji ana jumba, mpiga dramu bado anapanga, na bendi inavunjika huku kila mmoja akimwita mwenzake mwizi. Peter Buck, mpiga gitaa wa R.E.M., alikuwa msomaji mkubwa wa historia ya roki na alizijua habari za bendi zilizokufa kwa ugomvi wa namna hiyo. Aliona heri ugomvi uzikwe kabla haujazaliwa. Ikaongezwa kanuni ya pili: kila mmoja ana kura ya turufu. Watatu wakitaka na mmoja akikataa, basi, halifanyiki.

Kwa kanuni hizo mbili vijana wanne kutoka mji mdogo wa kusini mwa Marekani waliishi pamoja muda mrefu kuliko ndoa nyingi, wakatoa albamu 15, na wakaifungulia njia ile roki ambayo redio kubwa hazikutaka kuisikia.

Mji wenyewe ni Athens, jimbo la Georgia, makao ya Chuo Kikuu cha Georgia. Mwishoni mwa miaka ya 1970 Buck alikuwa akiuza santuri katika duka la Wuxtry. Mmoja wa wateja wake alikuwa Michael Stipe, mwanafunzi wa sanaa, kijana mwenye haya ambaye kila alipoingia alichagua zile zile santuri ambazo Buck alikuwa amejiwekea mwenyewe. Urafiki ukaanzia hapo. Baadaye wakakutana na Mike Mills wa besi na Bill Berry wa dramu, waliokuwa wakipiga pamoja tangu walipokuwa sekondari mjini Macon. Tarehe 5 Aprili 1980 wanne hao walipiga mbele ya watu kwa mara ya kwanza, kwenye sherehe ya kuzaliwa ya rafiki yao, ndani ya kanisa la zamani lililokuwa limegeuzwa nyumba ya kupanga. Bendi haikuwa na jina. Lilipatikana baadaye kwa kufungua kamusi popote na kuchagua kilichoangukiwa na jicho.

Mwaka uliofuata walitoa santuri yao ya kwanza, "Radio Free Europe", kupitia kampuni ndogo iitwayo Hib-Tone. Nakala zilikuwa chache na sauti haikuwa safi, lakini gazeti la New York Times liliuweka wimbo huo miongoni mwa kumi bora za 1981. Sifa hizo hazikuleta hela. Bendi iliendelea kuzunguka Marekani kwa gari bovu, ikipiga kwenye baa, kumbi za vyuo na hata mikahawa ya piza, mara nyingine mbele ya watu wasiojaza meza mbili.

Walisaini mkataba na kampuni ya I.R.S. mwaka 1982, na hapo kanuni zao zikapata mtihani wa kwanza. Kampuni iliwaletea prodyuza Stephen Hague, mtu wa kazi safi na vinanda vya umeme. Aliwarudisha kupiga wimbo mmoja mara nyingi mno, akimtaka Berry afuate mdundo wa mashine, kisha akaichukua tepu na kuiongezea kinanda bila kuwauliza wenyewe. Wakakataa kufanya kazi naye. Waliomba warudi kwa Mitch Easter, kijana wa North Carolina aliyewarekodi mwanzo, akisaidiana na Don Dixon. Kampuni ikakubali.

Matunda yake ni albamu ya Murmur, iliyotoka Aprili 1983. Gitaa la Buck halikunguruma kama lilivyonguruma gitaa la roki ya enzi hizo. Alichambua nyuzi moja moja hadi zikalia kama kengele. Besi ya Mills ndiyo iliyobeba mahadhi. Stipe naye alimumunya maneno kiasi kwamba mashabiki walibishana miaka na miaka juu ya alichosema. Albamu iliishia nafasi ya 36 tu Marekani. Hata hivyo, wahakiki wa jarida la Rolling Stone waliitangaza kuwa bora ya mwaka, mbele ya Thriller ya Michael Jackson.

Nani walikuwa wakinunua? Wanafunzi. Vyuo vingi vya Marekani vilikuwa na redio zao, zenye nguvu ndogo ya mawimbi, zikiendeshwa na vijana waliopiga walichokipenda bila kungoja amri ya mtangazaji wa biashara. R.E.M. waliingia kila mji wenye redio ya namna hiyo, wakaongea na watangazaji, wakapiga usiku, wakaondoka alfajiri. Mtandao huo wa redio, maduka madogo ya santuri na kumbi za watu mia tatu ndio uliokuja kuitwa soko la roki mbadala. Bendi zilizokuja nyuma yao, Nirvana ikiwamo, zilipita njia iliyokwisha kufyekwa.

Kuanzia 1983 hadi 1988 walitoa albamu moja kila mwaka bila kuruka, na kila moja iliuza kuliko iliyotangulia au kukaribiana nayo. Document ya 1987 ilivunja ukuta: wimbo wa "The One I Love" ulifika nafasi ya tisa Marekani, na albamu ikavuka nakala milioni moja nchini humo. Wengi waliusikia kama wimbo wa mapenzi na wakautumia kutumiana salamu redioni. Stipe mwenyewe amesema mara nyingi kuwa ni wimbo mkatili, wa mtu anayemtumia mwenzake kisha anamwacha.

Mkataba wa I.R.S. ulipokwisha, kampuni kubwa zilipanga foleni. Waliichagua Warner Bros. kwa sababu iliwaachia uamuzi wote juu ya muziki wao. Albamu ya kwanza huko, Green, ilitoka tarehe 8 Novemba 1988, siku ya uchaguzi wa rais wa Marekani. Ziara yake iliwatembeza dunia kwa miezi kumi na moja, na waliporudi nyumbani walikuwa hoi. Buck hakutaka hata kuliona gitaa la umeme. Akajinunulia mandolini.

Jioni moja alikuwa amekaa mbele ya televisheni akijifunza ala hiyo mpya, kinasa sauti kikiwa kimewashwa. Kesho yake alipoisikiliza tepu alikuta mazoezi mengi ya kubabaisha, na katikati yake kipande kimoja kilichonyooka. Kipande hicho ndicho kilichokuja kuwa "Losing My Religion". Wimbo huo hauna kiitikio cha kawaida, ala inayoongoza ni mandolini, na mwimbaji wake analalamika badala ya kushangilia. Warner walisitasita walipoambiwa kuwa ndio utakaotangulia. Bendi ilishikilia msimamo. Ulipotoka mapema 1991 ulifika nafasi ya nne Marekani na kusambaa duniani kote. Anayedhani ni wimbo wa kuikana dini ajue kuwa Stipe ameueleza kuwa wa mapenzi ya upande mmoja, ya mtu asiyejua kama anayempenda anamwona.

Video yake iliongozwa na Tarsem Singh, mzaliwa wa India. Hadi wakati huo Stipe alikuwa amegoma kuigiza kuimba mbele ya kamera. Safari hii alikubali, akaongeza na ule mchezo wake wa mikono kama mtu anayefukuza nyuki. Video ilizoa tuzo sita za MTV mwaka huo, na mwaka uliofuata bendi ikabeba tuzo tatu za Grammy. Albamu ya Out of Time ilikaa kileleni Marekani na Uingereza. Haya yote yalitokea bila ziara ya kuitangaza.

Out of Time ina habari nyingine ambayo haisimuliwi sana. Siku hizo diski za muziki Marekani ziliuzwa ndani ya kasha refu la karatasi ngumu, na wengi walilalamika kuwa ni kuharibu miti bure. R.E.M. walikubali kulitumia kasha hilo kwa sharti moja: nyuma yake pachapishwe kadi ambayo mnunuzi angeikata na kuituma kwa seneta wake, akidai sheria ya kurahisisha uandikishaji wa wapiga kura. Kadi zikamiminika Washington kwa maelfu. Rais George Bush aliukataa muswada huo mwaka 1992. Bill Clinton aliutia saini Mei 1993, na tangu hapo raia wa majimbo mengi ya Marekani anaweza kujiandikisha kupiga kura anapokwenda kuchukua leseni ya udereva.

Badala ya kurudia kilichouza, 1992 walitoa Automatic for the People, albamu ya polepole inayozungumzia vifo, kumbukumbu na watu waliochoka. Jina waliliazima kwa mkahawa wa Weaver D's pale Athens, unaouza kuku wa kukaanga na mboga za majani. Ndiyo kaulimbiu iliyoandikwa kwenye kibao cha mwenye mkahawa. John Paul Jones, aliyekuwa mpiga besi wa Led Zeppelin, alipanga fidla na ala nyingine za nyuzi katika baadhi ya nyimbo. Wimbo uliopendwa kuliko zote, "Everybody Hurts", ulianzia kwa Berry, mpiga dramu, na cha ajabu ni kwamba mdundo wake unapigwa na mashine. Katika bendi nyingine Berry angevuna peke yake. Kwa R.E.M. mirabaha iligawanywa kwa nne kama kawaida. Mwaka 2010 wasanii wa Uingereza walipourudia kuwachangia waathirika wa tetemeko la Haiti, bendi iliachia haki zake zote za malipo.

Kisha mwili ukaanza kudai chake. Tarehe 1 Machi 1995, wakiwa jukwaani Lausanne, Uswisi, katika ziara ya albamu ya Monster, Berry alishikwa na maumivu makali ya kichwa na kushindwa kuendelea. Mshipa wa damu kichwani ulikuwa umetutumka na kupasuka. Madaktari wa hapo hapo Lausanne walimfanyia upasuaji, na Mei alikuwa amerudi kwenye dramu. Julai, Mills akapasuliwa tumbo. Agosti, Stipe akapasuliwa ngiri. Ziara ilimalizika, na kwa ukaidi wao nyimbo nyingi za albamu iliyofuata, New Adventures in Hi-Fi, zilirekodiwa humo humo njiani.

Agosti 1996 walisaini upya na Warner kwa albamu tano. Magazeti yaliutaja mkataba huo kuwa wa dola milioni 80, miongoni mwa mikubwa kupata kutokea. Mwaka mmoja baadaye Berry aliwaambia wenzake kuwa amechoka, anataka kwenda kulima. Aliweka sharti: ikiwa kuondoka kwake kutaivunja bendi, basi atabaki. Wakamruhusu. Akaenda shambani kwake karibu na Athens, akawa mkulima wa majani ya mifugo. Stipe aliwaambia waandishi kuwa mbwa wa miguu mitatu bado ni mbwa. Inambidi tu ajifunze kukimbia upya.

Kujifunza huko kulichukua miaka. Up ya 1998 ilijaa mashine na kinanda, na karibu iwamalize. Reveal ya 2001 ilipendwa zaidi Ulaya kuliko nyumbani. Around the Sun ya 2004 ilishindwa kuingia kumi bora Marekani, jambo ambalo halikuwa limewapata tangu Green, na Buck baadaye alikiri kuwa inasikika kama kazi ya watu waliochoshwa na walichokuwa wakikifanya. Ukweli ni kwamba aliyeondoka hakuwa mpiga dramu tu. Berry ndiye aliyekuwa hodari wa kusema wimbo umeshakamilika, tuache, twende nyumbani.

Dawa waliitafuta Dublin mwaka 2007. Walikodi ukumbi wa Olympia kwa usiku tano na kuwapigia mashabiki nyimbo ambazo hata hazijakamilika, wakiyaita maonyesho hayo mazoezi. Accelerate iliyozaliwa huko haifiki dakika 36, haina mapambo, na iliwarudishia heshima. Mwaka huo huo wa 2007 waliingizwa kwenye Jumba la Heshima la Roki, na Berry alitoka shambani akaketi kwenye dramu usiku ule.

Machi 2011 ilitoka Collapse into Now, ya mwisho katika mkataba. Tarehe 21 Septemba walitangaza kuwa wameacha. Mills alieleza kuwa hapakuwa na ugomvi wala mawakili, na ilikuwa kweli: hadi leo hakuna aliyemshitaki mwenzake, na hakuna ziara ya "kurudi kwa mara ya mwisho" iliyouzwa. Juni 2024, walipoingizwa kwenye Jumba la Heshima la Watunzi mjini New York, wote wanne walisimama wakapiga "Losing My Religion" na kurudi kuketi. Alipoulizwa na televisheni ya CBS nini kingewarudisha pamoja, Mills alijibu kwa mzaha kuwa labda kimondo.

Kwa msomaji ambaye hajawahi kuwasikia, aanze na Automatic for the People, kisha arudi nyuma hadi Murmur, halafu aruke mbele hadi Accelerate. Around the Sun anaweza kuiacha bila kupungukiwa na kitu.